Wiki Mbili za Kumwachisha Brightness

Bagara, Babati
Ijumaa, 5 Julai 2024

Shikamoo mama,

Salvatory amenikuta bombani. Amesema akishamaliza kugawa maziwa anageuza pikipiki saa nane kurudi huko juu, kwa hiyo naandika karatasi ikiwa juu ya mfuniko wa ndoo. Mwandiko usikushangaze.

Brightness ameamkaje? Leo ni siku ya tano tangu umchukue. Nilisema sitahesabu, nimehesabu.

Najua tulikubaliana nisipige simu. Ulivyosema nimeelewa, kwamba mtoto anayeachishwa ziwa akisikia sauti ya mama yake anarudi mwanzo, hata kama sauti inatoka kwenye simu. Sawa. Ila simu naishika kila saa, na hakuna wa kunipigia zaidi ya Edward, naye huko Dodoma kwenye ujenzi hupata nafasi Jumapili tu. Ndiyo maana nakuandikia. Tangu nimalize kidato cha nne sijaandika barua. Nimesahau hata anwani inakaa upande gani.

Mama, naomba nikuulize tena, usichukie. Nesi Hanifa wa kliniki aliniambia mjamzito anaweza kunyonyesha, maziwa hayageuki sumu. Wewe ulisema ziwa la mimba linamwondoa mtoto duniani taratibu. Jirani yangu Gaudiosa anasema alimnyonyesha Elieshi akiwa na mimba ya miezi mitano, na Elieshi yupo, anapiga watu mawe. Nimekaa katikati yenu watatu. Nimekusikiliza wewe kwa sababu ulinishika mkono ukisema, hukuuachia mpaka nikakubali. Lakini sijui.

Maziwa yanauma. Ghalani tunakochambua mbaazi kuna dada anakuja na mtoto mchanga. Akilia tu, blauzi yangu inalowa. Wenzangu wanasema Mama Bright anamwagilia mbaazi zisizo shambani. Ninacheka nao.

Ile kanga ya njano niliyoifunga kwenye mfuko wake ndiyo tunayolalia. Akisumbua, mfunike nayo.

Mkwe wako,
Jovita

*

Dareda, huku juu
9 Julai 2024

Mama Brightness,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza bila miwani.

Mtoto yupo. Siku mbili za mwanzo alilia, sitakuficha. Ya tatu akanyamaza. Sasa anakula uji wa ulezi, anakula viazi, anafukuza kuku mpaka jogoo ameamua kuhamia kwa jirani. Ziwa halitaji kabisa. Edward alinipigia Jumapili, mtoto akasikia sauti ya baba yake, akautazama mlango mpaka uji ukapoa. Hiyo ni sauti ya baba tu. Sasa fikiria yako.

Kanga nimeiweka sandukuni, chini ya nguo zangu za kanisani. Akinusa harufu yako tutaanza upya, na mimi sina mgongo wa kuanza upya.

Habari za nesi nimezisikia. Yeye amesoma, mimi nimezika. Tuishie hapo.

Funga kifua kwa kitambaa. Usikamue. Ukikamua, maziwa yanajua bado yanahitajika. Usibebe gunia, hata nusu. Kula. Tumbo la miezi miwili halionekani lakini linasikia.

Ni wiki mbili tu, kama nilivyosema.

Benadetha, mama yake Edward

*

Bagara
Ijumaa, 12 Julai

Shikamoo mama,

Nashukuru kwa habari. Nimezisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia, vumbi la mbaazi likanipa kisingizio cha kufuta macho.

Kuna mambo nilisahau kukuambia ile Jumapili ulipomchukua, kwa haraka. Akitaka kulala anashika sikio, la kushoto. Ukimpa la kulia analikataa. Maziwa yakiganda utandu juu, uondoe, utandu unamtapisha. Akisema "tutu" anataka maji, siyo chakula. Nilitaka kuandika mengine lakini nimegundua hayaishi.

Mama, niseme kitu cha aibu. Uliponiambia ziwa halitaji, nilipaswa kufurahi. Ndicho tulichompeleka huko kufanya. Badala yake nilikaa chini nikakasirika, sijui nimemkasirikia nani. Mama gani anatamani mwanawe aendelee kulia? Sijielewi siku hizi. Asubuhi nafunga kifua kama ulivyosema, mchana nakifungua, jioni nakifunga.

Na lile neno lako, kwamba umezika. Ulimzika nani? Edward aliniambia yeye ndiye kifungua mimba wako. Kama nimeuliza vibaya, nisamehe, ruka mstari huu.

Mgongo unauma chini kidogo. Gaudiosa anasema ni kukaa kwenye gunia kutwa. Nadhani ndivyo.

Jumapili wiki mbili zinatimia. Nije mimi au utamshusha?

Jovita

*

Bagara
Ijumaa, 19 Julai

Mama,

Jumapili ulituma neno kwa Salvatory kwamba nisije kwanza, mtoto ana mafua. Jumatatu nikaenda ghalani. Jumatano mimba imetoka.

Sikubeba gunia. Nataka ujue hilo kabla ya yote. Nilikuwa na ungo mapajani, napepeta, nikasikia maji ya moto, nikadhani ni maziwa yameshuka mpaka huko. Ona akili yangu ilivyo. Gaudiosa alinifunga kitenge chake, akanipeleka hospitali kwa bajaji. Wakanisafisha. Nesi Hanifa alipopata habari alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Jovita, hii haikusababishwa na mtu." Nikamuuliza, je, ni kwa sababu nilinyonyesha muda mrefu? Akasema hapana. Je, ni kwa sababu niliacha ghafla? Akasema hapana. Nikamuuliza, sasa ni nini. Akasema mara nyingi hatujui.

Hatujui. Nilitegemea yeye angalau ajue.

Edward nimemwambia kwa simu. Nilisikia watu wanachanganya zege nyuma yake. Akauliza kama akuambie wewe. Nikakataa.

Naogopa, mama. Utasema ni ghala. Utasema ni ubishi wangu na kliniki. Na naogopa zaidi kwamba utasema kweli. Halafu nawaza, mtoto nilimwondolea ziwa kwa ajili ya mdogo wake, sasa mdogo wake hayupo na ziwa lipo. Nilimnyima huyu kwa ajili ya nani? Nalala na maziwa, wa kuyanywa yuko juu mlimani anasahau.

Karatasi imejaa. Hii sitampa Salvatory.

*

Bagara
19 Julai 2024

Shikamoo mama,

Pole na mafua ya mtoto. Hapa ni salama. Nilikuwa na homa kidogo, nimepumzika siku mbili, sasa nimeamka. Kazi inaendelea.

Wiki mbili zimepita na siku tano juu. Naomba Brightness arudi. Ameshaacha, umesema mwenyewe. Nitampa uji, sitampa kingine.

Jovita

*

Dareda
23 Julai 2024

Mama Brightness,

Marahaba. Barua yako ni fupi na haijauliza kama mtoto anashika sikio. Hiyo homa ilikuwa ya nini? Mjamzito haugui homa kidogo.

Mtoto mafua yamekwisha. Ila bado. Wiki mbili nilizosema ni za mtoto mwepesi, huyu ni mgumu kama baba yake. Akikuona sasa atarukia kifua, na wewe una moyo mwepesi, utampa. Subiri mwezi utimie vizuri.

Nimempa Salvatory mayai kumi na mawili na maziwa lita tatu. Mayai usigawe kwa majirani. Ni ya mjukuu wangu wa tumboni. Maziwa yachemshe mpaka yapande mara mbili. Nimeanza pia kumfumia sweta, rangi ya maziwa, ili akiwa wa kiume au wa kike asilalamike.

Lile swali lako nimeliruka kama ulivyosema.

Benadetha

*

Bagara
Jumanne, 30 Julai

Shikamoo mama,

Mayai nimeyala. Nimekula mawili kila siku, yote, nikiwa nimesimama, kama mwizi. Nitakueleza kwa nini, lakini siyo leo.

Leo nina swali moja. Ijumaa Salvatory alikaa kunywa chai hapa. Nikamuuliza kama alimwona mtoto. Akacheka, akasema, "Mwanao mjanja, shemeji. Alikuwa ndani ya kanga ya njano kwa bibi yake kama kifaranga. Hata miguu haionekani."

Nikamwambia akoroge sukari, chai ilikuwa tayari na sukari.

Mama, kanga ya njano uliniambia iko sandukuni. Uliniambia akinusa harufu yangu mtaanza upya. Sasa umeivaa wewe. Nimejaribu kuelewa nimeshindwa. Ulinizuia nisipige simu, nikakubali. Ulizuia nisije, nikakubali. Nilidhani tunamsahaulisha ziwa. Je, tunamsahaulisha mimi? Unavaa nguo yangu ili mwanangu adhani wewe ni mimi?

Ninakuheshimu. Hujawahi kuniita kwa jina baya, na nilipojifungua ulinikanda maji ya moto siku arobaini, mama yangu mwenyewe hakufika. Sisahau. Lakini Brightness ni wangu. Jumamosi ya tarehe kumi Agosti ghala litafungwa kwa ukaguzi. Nitapanda gari la asubuhi. Nitakuja, mama, hata ukituma Salvatory aniambie kuna mafua, surua au mafuriko.

Jovita

*

Dareda
2 Agosti 2024

Jovita,

Nakuita jina lako kwa sababu ninayotaka kuandika sijui namwandikia mama wa nani.

Kanga niliiweka sandukuni kweli. Siku mbili. Nilikuandikia kwamba siku ya tatu mtoto alinyamaza. Sikuandika alivyonyamaza. Alikuwa amekataa uji, amekataa kikombe, amekataa kijiko, macho yameingia ndani. Hata nguvu za kulia alikuwa hana. Nikamwambia Mungu, siyo tena. Nikafungua sanduku, nikajifunga kanga yako, nikamweka kifuani. Nikampa ziwa langu.

Cheka ukitaka. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, ziwa tupu kama soksi. Alilishika akalala. Alipoamka akala uji bakuli zima. Tangu siku ile ndivyo tunavyoishi, kwanza ziwa, halafu uji. Anashika sikio la kushoto. Kwa hiyo hajaacha. Nimekudanganya wiki nne. Nilichukua mtoto kumwachisha ziwa, nikamhamishia la kwangu. Nilitaka akusahau kidogo tu, aje kukukuta ameacha, nionekane nimeweza.

Sasa uliuliza nani. Kifungua mimba wangu hakuwa Edward. Alikuwa Dominiko. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano nilipopata mimba ya Edward, na nilimnyonyesha kwa sababu alikuwa anapenda na mimi nilikuwa napenda. Akaharisha siku sita. Mama mkwe wangu alisema mbele ya waombolezaji, huyu kanyweshwa ziwa la mimba. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha. Edward hajui kwa sababu jina hilo halikutajwa tena nyumbani. Siku ile ulipotoka kanisani kwenda kutapika nyuma ya mnara wa kengele, na Brightness yuko mgongoni kwako, mimi sikumwona Brightness.

Kuna jingine. Juzi nimeona tone kwenye kanga. Jeupe. Nimeogopa. Sijui ni kitu gani, sijui ni dhambi au ni ugonjwa. Siwezi kumuuliza mtu wa hapa. Muulize nesi wako, usimtaje mhusika.

Njoo tarehe kumi. Umeandika kuna neno utanieleza. Nieleze kabla hujafika, nisilipokee usoni.

Benadetha

*

Bagara
Jumanne, 6 Agosti

Shikamoo mama,

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ya tarehe kumi na tisa Julai. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa. Kaa chini ukiisoma.

Sasa umeshajua. Mayai yalikuwa ya mtu ambaye hayupo. Nilipaswa kukuzuia usifume sweta, lakini kila nikishika kalamu nilikuona na sindano zako. Nimekudanganya wiki tatu, wewe umenidanganya nne. Sijui hilo linafanya tulingane au linafanya nini.

Sijacheka. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni kwa Gaudiosa, akaniuliza kuna msiba gani, nikamwambia hakuna, ni mama mkwe wangu ananyonyesha. Hapo ndipo tulicheka, mimi na yeye, mpaka nikalia. Gaudiosa hatasema. Ni mropokaji wa mambo madogo, makubwa anayatunza.

Nimemuuliza nesi Hanifa. Sikutaja mhusika, nadhani amemjua. Amesema ni maziwa. Amesema mtoto akinyonya sana, mwili wa mwanamke unaweza kuitika hata kama uliacha miaka mingi. Siyo dhambi na siyo ugonjwa. Kisha nikamuuliza la Dominiko, hilo pia bila jina. Akasema mtoto anayeharisha siku sita anaondolewa na maji kumwishia mwilini, siyo na ziwa la mama yake. Amesema ziwa lilikuwa linamchelewesha kuondoka.

Sijui kama hiyo inakusaidia au inakuumiza. Nimeiandika nikaifuta nikaiandika tena. Mimi aliniambia haikusababishwa na mtu, na bado kila nikishika ungo naangalia mapaja. Kwa hiyo sikuambii uamini. Nakuambia tu kwamba ndivyo alivyosema.

Nami nina tone langu. Uliniambia nisikamue. Nimekamua kila asubuhi, kwenye kikombe cha Brightness, nikamwaga kwenye mgomba wa Gaudiosa. Kidogo kidogo, yasikauke. Nilijiambia nitaacha kesho. Mgomba umenawiri.

Nakuja Jumamosi. Nitaondoka naye, mama. Hilo halibadiliki.

Jovita

*

Bagara
Jumanne, 13 Agosti 2024

Shikamoo mama,

Salvatory yuko hapa nje, injini inanguruma, nimemwambia asubiri.

Tulifika salama. Njia nzima alikaa kwangu kama mzigo wa mtu mwingine, hakulia, alitazama dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikuwa nimejiandaa kwa adabu.

Nafikiria jinsi alivyojificha nyuma yako uani. Nilimwita, akakushika sketi akachungulia. Wewe ulimsukuma mbele, ukamwambia, "Nenda, huyo ndiye mwenyewe." Kisha ukaingia jikoni ukakaa huko muda mrefu, ukasema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimwa, mama. Niliona.

Sikukuambia asante. Nilikuwa nimeandaa maneno ya ukali, yalipokosa mahali pa kwenda nikambeba mtoto tukaondoka. Na sweta uliloliweka kwenye mfuko limeishia kwenye mkono mmoja. Nimeliona nyumbani. Nimelikunja, sijui nilifanyie nini. Usilidai, na usiniambie nilifumue.

Jumapili alikataa ziwa langu. Alilitazama, akalibonyeza kwa kidole, akasema, "Bibi." Nilitoka nje nikasimama kwenye mgomba. Jana alichukua, dakika mbili, macho wazi, ananikagua. Leo asubuhi alichukua, halafu akashika sikio. La kulia. Hukumfundisha wewe, sikumfundisha mimi. Sijui amelitoa wapi. Sasa simwachishi mpaka atakapotaka mwenyewe. Nimeamua hilo peke yangu, nesi sijamuuliza, na wewe nakuarifu tu.

Usiku anakuita. Anazunguka chumba anatafuta. Edward alipopiga aliuliza kelele gani hiyo, nikamwambia ni mwanao anamlilia mama yake. Nikasikia nilichosema, lakini sikurekebisha.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni gumu. Jana ulipopiga, alisikia sauti yako, akautazama mlango mpaka uji ukapoa. Mama, usipige simu kwanza. Niandikie. Mpe Salvatory, nami nitakujibu. Wiki mbili, labda. Zikizidi usinihesabie. Halafu ushuke wewe mwenyewe ukae nasi, mavuno yako yameshaingia ndani, na kuku jirani anaweza kuwatazama, jogoo yuko kwake tayari.

Kanga ya njano nilikuta umeifunga juu ya nguo zake. Jumapili niliitia kwenye beseni, ina moshi wako na samli yako na jasho la mlimani, nikasema leo inarudi kuwa yangu. Nilikuwa bado sijaimwagia maji. Brightness akaja, akaivuta, akajifunika kichwa, akakaa humo.

Sijaifua.

Jovita